Kulala Yorkín kwa wanawake wa Stibrawpa: uzoefu wangu na ya kujipanga kabla hujaenda

Nianze na hukumu. Ukifika Talamanca, kusini-mashariki mwa Kosta Rika, lala Yorkín, kijiji cha Wabribri kinachofikiwa kwa mtumbwi, angalau usiku mmoja, na chama cha wanawake wanaokaribisha wageni, Stibrawpa, ukilipe moja kwa moja. Safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo siipendekezi: mto unakula muda, chakula cha mchana nacho kinakula wake, na kinachobaki ni kukimbizwa shambani huku nahodha akiangalia mawingu.

Stibrawpa ni chama cha wanawake wa Kibribri, wenyeji wa asili wa Talamanca, kilichoanza 1985. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ugonjwa wa monilia ulivamia kakao ya Talamanca: tunda hugeuka kahawia, hufunikwa na unga mweupe, na upepo huusambaza unga huo hadi mashamba ya jirani. Wanaume wengi wakashuka kufanya vibarua kwenye mashamba makubwa ya ndizi. Wanawake wakaanza na kazi za mikono, baadaye wakakaribisha wageni. Kwa Wabribri ukoo hufuata upande wa mama, hivyo mwanamke mwenye kauli hapa hakubuniwa kwa ajili ya watalii.

Kutoka Puerto Viejo, mji wa pwani ya Karibi, unapanda basi hadi mji wa Bribri, kisha gari hadi Bambú kwenye ukingo wa mto. Hapo kuna mitumbwi mirefu ya mashine, mmoja nyuma ameshika injini, mwenzake mbele na pondo. Kupanda mto Yorkín, ambao ndio mpaka na Panama, ni kama saa moja maji yakiwa mazuri. Yakipungua, mtumbwi hukwama kwenye changarawe na abiria hushuka kusukuma. Yakijaa ghafla kwa mvua za milimani, hakuna mtumbwi unaotoka, na ubishi hausaidii. Kwa hiyo usikate tiketi ya ndege ya kesho yake. Septemba na Oktoba upande huu wa Karibi huwa na nafuu ya mvua, wakati Pasifiki inalowa. Desemba jiandae kwa lolote.

Toa pesa taslimu za kolon, sarafu ya Kosta Rika, ukiwa bado Puerto Viejo. Weka simu na pasi ya kusafiria kwenye mfuko usiopitisha maji. Vaa gambuti, si viatu vya wazi, na usiku usitoke bila tochi, maana nyoka mwenye sumu kali aitwaye terciopelo yupo msitu mzima. Vyura wadogo wekundu watazame tu; ngozi yao ina sumu.

Sasa kakao, ambayo ndiyo kiini cha ziara. Mgeni huonyeshwa kuanzia ukaangaji, kwa sababu kuchachusha mbegu huchukua karibu wiki na kuanika kwake karibu wiki nyingine. Mbegu hukaangwa juu ya moto wa kuni huku zikikorogwa bila kupumzika. Zikitoka mapema, ganda haliachi. Moto ukizidi, uchungu wa kuungua hauondoki hata umwage sukari kiasi gani. Kisha hupondwa kwa jiwe zito linaloyumbishwa juu ya jiwe bapa, hupepetwa, na husagwa kwa mashine ya mkono hadi mafuta yake yatoke na kuwa uji mzito. Kinywaji chake ni maji ya moto na huo uji. Kionje kwanza bila sukari. Katika ibada za Kibribri, kazi ya kuandaa kinywaji hiki ni ya wanawake.

Mapaa ya nyumba ni ya majani ya mti mdogo wa jamii ya mnazi uitwao suita, yaliyokunjwa kwenye fito kama makuti ya Pwani, ila yamebanana zaidi. Moshi wa jikoni unayasaidia kudumu kwa kufukuza wadudu, basi usilalamike macho yakiwasha. Vitanda vina chandarua. Mazungumzo ni Kihispania na Kibribri. Asiyejua Kihispania aombe mkalimani mapema, la sivyo atakula vizuri na kuelewa kidogo.

Kuhusu malipo, madalali wa mjini huuza ziara za "kijiji cha Wabribri" bila kutaja unapelekwa kwa nani. Uliza maswali mawili: stakabadhi itatoka kwa nani, na mtumbwi na chakula vimo ndani ya bei? Asiyejibu la kwanza, mwache. Picha za watoto piga baada ya kuruhusiwa na mama zao.

Ukitaka kununua kakao ya kwenda nayo mbali, chukua mbegu zilizokaangwa na kukauka vizuri. Ile laini iliyotoka mashineni huyeyuka kwenye joto la basi, na ikiwa imefungwa kwenye jani bichi huota ukungu haraka. Hiyo uile hapohapo na ndizi.