Madabodi Haikuwa Imekufa: Uzoefu Wangu na Fundi wa Luthuli

Kompyuta yangu ya mezani ilianza kisirani Januari, jua likiwa kali. Natengeneza kadi za harusi nyumbani, Umoja, Nairobi, na kila nikifungua picha nzito feni inanguruma kama posho mill, skrini inaingia giza, halafu mashine inajiwasha upya. Dakika kumi, tena.

Duka la kwanza mjini hata halikuifungua. "Madabodi imekufa, leta elfu tisa." Yaani ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote vya kompyuta. Nilikaribia kutoa pesa ya kodi.

Jirani akanielekeza kwa fundi wa Luthuli Avenue, kibanda chenye upana wa mlango. Huyu aliuliza kwanza: "Dada, inazima ukifanya kazi, ama hata ikiwa imetulia?" Akaingia kwenye bayosi, ile menyu ya mipangilio inayofunguliwa kompyuta ikianza kuwaka, akanionyesha joto la prosesa, ubongo wa kompyuta: nyuzi 84, na hakuna kitu kinachofanya kazi! Alisema hapo ingefaa kuwa hamsini kushuka chini. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 hupunguza kasi, na joto likizidi mashine hujikata isiungue.

Alipofungua, vumbi lilikuwa limejaa kwenye mapezi ya kipoza joto. Nikajua ndilo. Kumbe hapana. Kile kipoza hushikwa na miguu minne ya plastiki, na mmoja ulikuwa umekatika, kikawa kimeinama upande, hakigusi prosesa sawasawa. Nilinyamaza. Desemba nilikichomoa mwenyewe nikisafisha, na nikasikia kitu kikilia "tak".

Akapangusa pesti ya zamani, ile ya kupitisha joto kutoka kwa prosesa hadi kwa kipoza, iliyokauka ikapasuka kama matope, kwa tishu na spiriti. Akaweka mpya kiasi cha punje ya ndengu. Nikamwambia aongeze, akacheka: ikizidi inamwagika tu kando. Miguu haikupatikana peke yake, kwa hivyo nilinunua feni nzima na kipoza chake, 800. Kazi, 700. Tukaiachia video nusu saa: nyuzi 58.

Lawama ninazo. Nilisimama saa tatu nzima, kiti hakuna, na foleni yake haieleweki, anayepiga kelele ndiye anahudumiwa. Risiti pia hakuna. Waranti ya mwezi mmoja aliiandika kwa kalamu ubavuni mwa boksi la feni. Boksi nimelificha juu ya kabati, watoto wasilifikie.