Kugawana shamba la urithi kisheria: uzoefu wangu, Kwale

Huduma: kukata shamba lenye wamiliki watatu, kupitia upatanishi wa mahakama na mpimaji wa kibinafsi
Muda: miezi 19 tangu kesi ifunguliwe
Nyota: 4 kati ya 5

Baba alituachia shamba la ekari 8, minazi mingi na miembe michache. Mama alikuwa ametangulia. Tulienda kwa Kadhi, mirathi ikapigwa hesabu bila shida: kakangu nusu, mimi robo, mdogo wangu wa kike robo. Hati ikatoka na majina matatu, na fungu la kila mtu limeandikwa. Lakini Kadhi alitugawia mafungu tu, shamba lenyewe likabaki moja. Robo yangu iko wapi? Hakuna aliyeweza kuinyooshea kidole.

Kakangu ndiye aliyekuwa akiishi pale. Amejenga nyumba ya vyumba vinne karibu na barabara na kila baada ya miezi mitatu anaangua nazi. Tukimwuliza fungu letu, anajibu: "Dada, mkwezi analipwa na nani? Palizi nalipa mimi au nyinyi?" Alikuwa na haki katika hilo, nasi tulikuwa na haki katika letu. Tukaishi hivyo miaka, tukisalimiana kwenye harusi na matanga, hadi shemeji yangu alipougua na mdogo wangu akahitaji kuuza fungu lake. Kakangu akakataa katakata mtu wa nje asiingie.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchukua wakili asiyetaka hata kuliona shamba. Aliandika barua kali ya kumtisha kakangu kwamba ataondolewa. Kakangu akaacha kupokea simu zangu. Miezi saba ikapotea, na pesa nayo. Barua ile iliniumiza kuliko gharama, kwa sababu ilikuwa na jina langu juu yake.

Wakili wa pili alinisomea sheria kwa Kiswahili, nami nawaandikia kama nilivyoelewa, maana laiti mtu angenisomea siku ya kwanza. Ni Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012. Kifungu cha 91 kinasema mwenye fungu hawezi kumpa mtu wa nje fungu hilo bila idhini ya maandishi ya wenzake, ila wenzake nao hawaruhusiwi kukatalia idhini bila sababu ya maana. Hapo hapo kinasema kama hati haikueleza watu wanamiliki vipi, wanachukuliwa kuwa na mafungu sawa. Ndugu wengi hawajui hilo, kwa hiyo tazameni hati zenu kabla hamjaanza kubishana. Kifungu cha 94 kinamruhusu mmiliki mmoja kuomba shamba likatwe hata wenzake wakikataa, na anayeamua huangalia ardhi ilivyo, idadi ya wamiliki, na nani alitumia pesa zake kuiendeleza. Kifungu cha 95 ndicho cha kuogopa: ardhi ikiwa haikatiki, inaweza kuamriwa iuzwe na watu wagawane pesa. Nadhani kakangu aliposikia hicho ndipo alipokubali kukaa kitako.

Tulifungua shauri katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, nayo ikatupeleka kwenye upatanishi. Sikuwa na imani nao hata kidogo. Nilidhani ni baraza la kuambiwa "nyinyi ni ndugu, sameheaneni". Sivyo. Mpatanishi alikuwa mama wa makamo, hakutuomba hata shilingi kwa kuwa mahakama ndiyo inayomlipa, na muda wake ulikuwa siku 60. Kikao cha kwanza alituacha tuseme tuliyokuwa tumeyafungia moyoni. Cha pili alisema tukutane shambani, tena mpimaji awepo.

Asubuhi ile ndiyo iliyonifanya niandike haya. Mpimaji alikuja na mchoro wa vipande vitatu virefu, vyote vikigusa barabara. Kwenye karatasi ulipendeza. Tulipoutembea tukaona kipande changu ni chembamba kama utepe na kisima chote kimeangukia kwangu, huku cha mdogo wangu nusu yake ni maweni, jembe haliingii. Mpatanishi akamgeukia kakangu: "Baba, wewe unaishi hapa. Tuonyeshe kuzuri ni wapi na kubaya ni wapi." Nilingoja atudanganye. Hakudanganya. Alitupeleka bondeni, akapiga mguu chini, akasema hapa ndipo penye mali, kule juu hata mbuzi hashibi.

Tukaamua kuhesabu minazi. Mwanangu alibeba kopo la chokaa, kila mnazi unaozaa ukapigwa alama moja, uliozeeka alama mbili, mche haukupigwa kitu. Kakangu ndiye aliyekuwa akihesabu kwa sauti. Tulipofika kwenye mnazi mmoja uliopinda karibu na kisima akanyamaza, kisha akasema huu aliupanda baba wiki niliyozaliwa mimi. Sikuwa nikijua. Ukaandikwa upande wangu bila mjadala.

Mchoro wa pili ulitoka humo. Kakangu alibaki na nyumba yake, eneo la mbele na maweni, ekari zake zikazidi kidogo. Sisi dada zake tukapata bonde, minazi yetu ikazidi kidogo. Ikakatwa njia ya mita 6 kutoka barabarani hadi nyuma, kila mtu akatoa kwa kadiri ya fungu lake. Kisima kiko kwangu, lakini haki ya kupita na kuchota maji imesajiliwa kwa faida ya wote. Msiache jambo hili kwa maneno ya mdomo. Leo mnapatana, ila kesho shamba litakuwa la watoto wenu au la mnunuzi.

Makubaliano yaliandikwa, tukatia saini, mahakama ikayafanya kuwa amri yake. Hata hivyo amri haitoi hati. Kwa kuwa ni ardhi ya kilimo tulihitaji idhini ya bodi ya ardhi, kisha kibali cha kaunti cha kugawanya, kisha fomu za mutesheni (zinazoonyesha shamba moja likigawanywa kuwa vipande), bikoni, yaani alama za mipaka, kupigwa, na ndipo hati mpya tatu zikatayarishwa. Safari hii ilikula muda kuliko kesi yenyewe. Malipo ya mpimaji yalizidi ya wakili, nasi tulichanga kwa mafungu: nusu, robo, robo. Kaka hakulalamika.

Nyota moja nimeiondoa kwa sababu mbili. Hakuna ofisi iliyotupa orodha kamili ya hatua, kila dirisha lilitutajia hatua moja tu inayofuata. Na hati ya mdogo wangu ilitoka na tarakimu moja ya kitambulisho imekosewa. Kuirekebisha kulimchukua wiki sita, na mnunuzi karibu abadili mawazo. Someni hati herufi kwa herufi hapo hapo dirishani, kabla ya kutia saini kwamba mmeipokea.

Mkienda, bebeni nakala ya hati, matokeo mapya ya upekuzi wa ardhi (karatasi ya ofisi ya ardhi inayoonyesha mmiliki ni nani), hukumu ya mirathi, na stakabadhi za chochote mlichojenga au kupanda. Kakangu alikuwa na risiti za mabati na saruji tangu mwaka wa kwanza, amezifunga kwa kamba ya katani. Zilimsaidia sana, na nilifurahi kwamba zilimsaidia.