Uzoefu wangu: miaka minne ya uhandisi wa umeme na kompyuta, Unguja

Nyota tatu kati ya tano. Chuo sikitaji, waliosoma na mimi watakijua wenyewe.

Nianze na kilichonikera, maabara. Tulikuwa watu 42 kwa osiloskopu tatu (kile kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini), na moja katika hizo ilionesha mstari ule ule hata uichomeke kitu gani. Zoezi la saa mbili, zamu yako dakika kumi, na ndani ya hizo kumi umeme unaweza kukatika. Naam, idara ya umeme. Jenereta lilikuwepo, ila la jengo la utawala.

Mwaka wa kwanza karibu wote ni hesabu. Kama ulizikimbia skuli, namba changamano zitakutoa roho. Vitabu na mitihani ni Kiingereza. Kuelewa khasa tulielewa barazani usiku, kwa Kiswahili, mwenzio akikuchorea sakiti kwenye karatasi ya maandazi.

Mwaka wa pili ndipo niliponogewa. Kila mtu aliambiwa aunde chaja ya volti 5: transfoma ya kushusha 230 ziwe 12, daiodi nne za kupitisha umeme upande mmoja tu, kapasita ya mikrofaradi 1000 ya kuhifadhi chaji, kisha regyuleta ya 7805, chipu inayoshikilia volti 5. Mimi kapasita nikaigeuza, chanya kwenye hasi. Ikanyamaza kidogo, ikavimba kichwa, pah! Harufu maabara nzima, na vikaratasi vyake vikanirukia kwenye kanzu, maana ilikuwa Ijumaa. Fundi wa maabara, mzee asiye na digrii hata moja, wala hakushtuka. "Ushalipa ada, mwanangu. Weka nyengine."

Ya pili ikakubali, lakini 7805 haishikiki kwa moto. Mzee akanikalisha na kalamu. Volti 12 za transfoma zikishapita kwenye daiodi na kapasita zinafika kama 15. Wewe unatumia 5, hizo kumi zinakwenda wapi? Kwa nusu ampea ni wati 5, zote joto. Wiki tatu za mihadhara zilikuwa zimenipita hivi hivi.

Sifa nyengine nampa mwalimu wa mifumo ya umeme. Mifano yake yote ilikuwa ya hapa hapa. Unguja inaletewa umeme kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, Ras Kiromoni hadi Fumba. Hitilafu ya Disemba 2009 ilituweka gizani miezi mitatu. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka ndoo za maji tu, kwa sababu pampu zilisimama. Waya mpya, kilovolti 132 na uwezo wa megawati 100, ukaja 2013. Basi akatuuliza: kwa nini waya wa baharini unavuta mkondo hata kama upande wa pili hakuna anayetumia? Kimya. Akachora ubaoni: shaba katikati, kizio cha kuzuia umeme kikaizunguka, ala ya metali nje. Sura hii mmeiona wapi? Hii ni kapasita, inajaa chaji na kuimwaga kila umeme unapogeuka, ila urefu wake karibu kilomita 40. Darasa zima likanigeukia mimi.

Upande wa kompyuta sina mengi. Lugha ya C, mantiki ya dijitali, mikrokontrola (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja), basi. Kama nia yako ni kuandika programu tu, kuna njia fupi zaidi ya hii. Fildi, yaani mafunzo ya kazini, niliifanya hoteli moja ya kaskazini, na muda mwingi nilikuwa nasugua kutu ya chumvi kwenye viungio vya viyoyozi. Hilo hakuna mhadhara uliolitaja.

Ningerudi? Ningerudi, ila na multimita yangu mkononi. Za idara zinapima volti vizuri, ukizipeleka kwenye mkondo zinasoma sifuri: fyuzi zishaungua zamani, na wanafunzi wanadhani wao ndio waliokosea sakiti. Nunua yako kabla muhula haujaanza, na fyuzi mbili za akiba.