Chandarua cha shilingi 15,000, Masasi: bidhaa nzuri, bei isiyojua msimu

Nilikinunua mwezi Februari katika duka moja karibu na stendi ya Masasi: chandarua cha pembe nne, futi sita kwa sita, chenye dawa ya kudumu. Nyuzi zake ni laini na pindo lake ni refu kiasi cha kuchomekwa vizuri chini ya godoro, jambo ambalo vya duara nilivyowahi kutumia havikuniwezesha. Nilikianika kivulini kutwa nzima kabla ya kukitundika, na harufu ya dawa ilikwisha usiku wa pili. Kasoro niliyoiona ni kitanzi cha kona moja kung'oka wiki ya pili, nikakishona mwenyewe kwa uzi wa viatu. Kwa chombo kinachotarajiwa kudumu miaka mitatu hivi na kuhimili kufuliwa mara 20, hilo si dogo.

Ninalotaka kulisema hasa ni bei. Jirani yangu, mama mkulima wa korosho, alilisugua pindo kwa vidole, akaniambia, "Kizuri, mwalimu, lakini kwa bei hiyo njoo uniulize baada ya mnada." Hakuwa anakataa. Fedha ya korosho huingia kuanzia Oktoba, Januari inakwenda kwenye sare na madaftari, na mvua inapokolea pamoja na mbu wake, mfuko umeshakauka. Anayemwuliza mtu wa huku angelipa kiasi gani kwa chandarua hana budi kutaja na mwezi, kwa sababu jibu la Novemba na la Machi ni majibu ya watu wawili tofauti.

Wapo pia wanaoshangaa kununua kitu kinachogawiwa. Enzi za Hati Punguzo, vocha ya kununulia chandarua kwa bei nafuu iliyoanza mwaka 2004, mjamzito alifikia kuongeza shilingi 500 tu, na tangu 2013 wanafunzi wa Mtwara, Lindi na Ruvuma wamekuwa wakipewa vyandarua shuleni. Ni msaada mkubwa, nami nimewagawia kwa mikono yangu. Lakini mtoto huleta kimoja, na nyumba ya jirani yangu ina vitanda vitatu.

Kwa hiyo nilimrudia muuzaji, nikamwuliza kama angepokea shilingi elfu tano tano hadi msimu. Alinijibu kwa adabu, akinionyesha kibao juu ya kaunta: "Kukopa harusi, kulipa matanga." Chandarua nakipendekeza; duka, kwa mwenye fedha taslimu.