Ofisi ya uhamisho ya chuo chetu hapa Sacramento, na ile 51 yangu ya kemia

Naandika kwa ajili ya wenzangu mnaosoma vyuo vya jamii hapa California, hasa wale mlioshika barua ya kukubaliwa chuo kikuu huku somo moja likiwatoa jasho. Chuo chetu sikitaji, maana nina mazuri na mabaya ya kusema. Ofisi yao ya uhamisho, ile inayotusaidia kuhamia chuo kikuu, naipa nyota nne kati ya tano, na chumba chao cha masomo ya ziada nakipa zote tano.

Kwetu Tanzania matokeo ya kidato cha sita hutoka kwanza, ndipo unaomba chuo. Huku unaomba kampasi za University of California mwezi wa kumi na wa kumi na moja, Januari unawapelekea alama za muhula uliopita, Aprili unajibiwa, na wakati huo bado uko darasani unafanya mitihani. Kwa hiyo barua inakuja na masharti. Yangu ilikuwa nayo matatu: nimalize masomo yote niliyowaorodheshea, nisipate chini ya C katika somo lolote, na wastani wa muhula huo usishuke chini ya 3.0 kati ya 4. Mimi niliona neno la hongera nikampigia mama Tanga. Alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Masharti yalikuwa ukurasa wa pili, sikuyasoma.

Siku nne baadaye mwalimu wa kemia ogania akarudisha mtihani wa tatu. 51 kwa 100.

Nafanya kazi nyumba ya wazee, naingia saa tano usiku natoka saa moja asubuhi. Usiku ule bibi mmoja ninayemhudumia aliniomba maji mara tatu ndipo nikamsikia. Nilijiona nimeshadisko, nimeondolewa kwa kufeli, kabla sijakanyaga chuo kikuu. Na huku hakuna sapu, ule mtihani wa marudio: ukifeli unarudia somo zima muhula mwingine, na barua haikusubiri. Kila nikifumba macho namwona mama anawaambia majirani kwamba imeshindikana.

Asubuhi nikaenda ofisi ya uhamisho nikiwa bado na sare ya kazi. Kwa wasio na miadi kuna dakika kumi za kuuliza swali pale mbele. Kijana aliyenipokea alinisikiliza akasema C inatosha, nisiwe na wasiwasi. Barua yangu hakuitaka aione. Nikatoka nimeshusha pumzi, nikalala vizuri siku nzima. Ile nyota ninayowanyima ni ya pale. Jibu lake lilikuwa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo ingenigharimu nafasi yangu.

Bahati nilikuwa nimeshaweka miadi na mshauri wa ofisi hiyohiyo, ingawa ilinibidi nisubiri siku nane, na nafasi zote ziko kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi alasiri. Nusu ya darasa letu ni watu wa zamu za usiku na akina mama wenye watoto wadogo. Hata jioni moja tu kwa wiki ingewasaidia wengi.

Mshauri ni mama wa makamo, mpole, hana haraka. Neno lake la kwanza lilikuwa: barua iko wapi? Akaisoma yote kimya, akaigeuza nyuma, akachukua penseli akaandika masomo yangu na uzito wa kila moja: kemia 5, fizikia 4, historia 3. Jumla 12. Kisha akaanza kunihesabia taratibu kama mtu anayehesabu chenji. Kemia ukipata C ni pointi 2, mara 5 ni 10. Fizikia B, 3 mara 4 ni 12. Historia A, 4 mara 3 ni 12. Jumla 34, gawa kwa 12: 2.83. Akapigia mstari ile 2.83, kisha akanirudisha ukurasa wa pili penye 3.0.

Nilinyamaza. Kumbe C yenyewe ningeipata na bado ningevunja sharti.

Akafuta B ya fizikia akaweka A. 38 gawa kwa 12 ni 3.17. Hapo nikaelewa kwamba siku zangu zilizobaki nisizimwage zote kwenye kemia, maana fizikia ndiyo ilikuwa karibu kunivusha.

Nilikuwa na mawazo mawili ya wanafunzi wenzangu, na yote aliyajibu. La kwanza, nijitoe kemia ili ibaki W, yaani alama ya kujitoa, badala ya alama mbaya. Akasema somo lile liko kwenye orodha niliyowapelekea, nikijitoa bila kuwaambia nimevunja sharti la kwanza. La pili, nilibadilishe liwe somo la kupita au kutopita tu. Akafungua tovuti ya ASSIST, ile inayoonyesha somo lipi la chuo cha jamii linahesabiwa sawa na lipi la chuo kikuu, akanionyesha kwamba kemia ile ni ya lazima kwa bayokemia ninayokwenda kusoma. Masomo ya msingi wa fani wanataka yaje na alama yake halisi.

Halafu akaniambia jambo nililoliogopa kuliko yote: waandikie chuo kikuu sasa, kabla alama haijatoka. Kwangu ilikuwa kama kwenda kujichongea mwenyewe. Niliandika ukurasa mzima, nikaeleza zamu za usiku, maradhi ya baba, ada. Alichukua penseli yake akakata, akaniachia mistari sita: somo gani, alama yangu ikoje leo, natarajia kumaliza na ngapi, nafanya nini kuirekebisha, na kama wanahitaji hati yoyote. Nilituma kupitia akaunti yangu ya maombi, mkono unatetemeka.

Chumba cha masomo ya ziada kiko ghorofa ya chini ya maktaba, na hakuna malipo. Kijana wa Kivietinamu aliyenifundisha aliona tatizo langu ndani ya dakika tano: nilikuwa nimekariri majibu ya mmenyuko bila kujua elektroni zinatoka wapi na zinakwenda wapi. Akanipa kalamu nyekundu, akanikataza kuandika jibu lolote kabla sijachora mshale. Jumanne na Alhamisi, saa nzima, mshale juu ya mshale. Wiki ya tatu nilianza kuiona kemia ikisogea kwenye karatasi.

Nilimaliza na C ya kemia, A ya historia, na B ya fizikia. Fizikia nilikosa A kwa maksi mbili. Yaani ile 2.83 ya penseli, vilevile. Nililia kwenye basi.

Siku ileile niliwaandikia tena nikawapa alama zenyewe. Jibu lilikuja Juni, sentensi mbili: wameona taarifa yangu ya Aprili, nafasi yangu ipo, nitume nakala rasmi ya matokeo kabla ya tarehe 1 Julai. Mshauri nilipompelekea habari aliinuka kwenye kiti akanikumbatia.

Kwa anayetaka miadi naye: nafasi za wiki inayofuata hufunguliwa mtandaoni Ijumaa saa mbili asubuhi, na kabla ya saa tatu zimekwisha. Nenda na barua yako, kurasa zote.