Uzoefu wangu: ofisi ya mbunge wa Marekani iliponisaidia faili la uraia lililokwama

Wakati ule mtihani wa uraia wa Marekani ulikuwa na maswali 100 ya kujisomea, na swali la 23 lilikutaka umtaje mbunge wako. Jina lake nililikariri nikiosha vyombo, nikalikariri kwenye basi nikienda zamu ya usiku katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Houston. Siku ya usaili, Machi 2023, sikuulizwa. Niliulizwa mengine, nikapata sita ya kwanza yote, afisa akanipongeza kisha akanikabidhi barua: umefaulu mtihani, lakini uamuzi hauwezi kutolewa leo. Nikarudi nyumbani, na jina la mbunge likanitoka kichwani. Karibu mwaka mzima ulipita kabla sijajua kwamba huyo ndiye niliyepaswa kumwandikia.

Ninaandika haya kwa ajili ya Waswahili wenzangu walioko Marekani wenye faili lililokwama, liwe la uhamiaji, pasipoti, mafao ya uzeeni au ya ulemavu, marejesho ya kodi, au haki za aliyewahi kutumikia jeshi. Haya yote ni mambo ya serikali kuu, na ofisi za wabunge na maseneta zina wafanyakazi ambao kazi yao ya kila siku ni kuyafuatilia kwa niaba ya wakazi. Hulipi hata senti.

Miezi ile ya kusubiri ilikuwa migumu. Nilikuwa nimeshalipa dola 725. Sheria inasema baada ya usaili wa uraia uamuzi utolewe ndani ya siku 120, ukichelewa unaweza kwenda mahakama ya shirikisho. Siku 120 zangu ziliisha Julai. Nilipiga simu idara ya uraia na uhamiaji mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Unaongea na sauti ya mashine, ukibahatika unampata mtu, naye anakusomea kilekile ulichokwisha kukiona kwenye mtandao: kesi yako inashughulikiwa. Wakili niliyemwendea alinitajia dola elfu kadhaa za kufungua shauri. Na kuna mtu mwingine, anayejulikana sana kwenye mikusanyiko yetu, aliyeniambia kwa dola 800 "atalisukuma" faili kwa watu wake wa ndani. Ninamshukuru Mungu kwamba wiki ile sikuwa na hizo 800.

Kilichokuwa kinaniumiza ni mama. Yuko Morogoro, presha inamsumbua, na mimi ndiye mtoto pekee aliyebaki. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu haruhusiwi kumwombea mzazi aje kuishi naye, raia anaruhusiwa. Kwa hiyo kila mwezi uliopita bila uamuzi ulikuwa mwezi wa mama pia.

Aliyenifungua macho ni mfanyakazi mwenzangu, Mkongomani kutoka Bukavu aliyekuja kama mkimbizi. Tulikuwa kwenye mapumziko saa tisa usiku, nammwagia yangu ya moyoni, akanitazama kwa mshangao. "Dada, mbunge wako umeshamwandikia?" Nikamjibu kwamba mimi si raia, sijawahi kumpigia mtu kura nchi hii, nitamwandikiaje mbunge? Akasema pasipoti ya mwanawe ilichelewa, safari imebaki siku chache, na ofisi ya mbunge ndiyo iliyomtafutia miadi.

Nadhani wengi wetu tumelelewa na picha tofauti ya mbunge. Kwetu mbunge unamwona wakati wa kampeni, kwenye msiba mkubwa, au anapokuja kuchangia mabati ya shule. Ukiwa na shida binafsi unatafuta mtu anayemjua mtu. Sikuwahi kufikiri kwamba ofisi yake ingekuwa na fomu ya mtu kama mimi, asiye na ndugu wala rafiki humo ndani. Lakini niliporudi kwenye kijitabu changu cha mtihani nikakuta jibu lilikuwa mbele ya macho yangu. Swali la 24: seneta anamwakilisha nani? Jibu: watu wote wa jimbo lake. Watu wote, haikuandikwa wapiga kura. Na swali la 6, la haki zilizomo katika marekebisho ya kwanza ya Katiba, mojawapo ni haki ya kupeleka maombi serikalini. Nilikuwa nimeyakariri yote mawili bila kuyaelewa.

Hatua ya kwanza ni kumjua mbunge wako, na hapa angalia. Texas peke yake ina wabunge 38 katika Baraza la Wawakilishi, na Houston imekatwakatwa majimbo kadhaa ya uchaguzi. Rafiki yangu anaishi ng'ambo ya barabara kuu na mbunge wake ni mwingine kabisa. Ukiandikia ofisi isiyo yako watakuelekeza kwako tu, utakuwa umepoteza siku. Kwenye tovuti ya house.gov unaingiza namba yako ya posta, na pengine anwani kamili, unaletewa jina. Maseneta ni wawili kwa Texas nzima, hao ni wa kila mkazi. Halafu ingia kwenye tovuti ya mbunge mwenyewe, tafuta sehemu ya msaada na idara za serikali kuu. Na ukipiga simu, piga ofisi ya huku jimboni. Ile ya Washington inashughulika zaidi na miswada.

Utakutana na fomu ya idhini ya faragha. Usiiruke wala usiiogope. Sheria ya faragha ya 1974 inaizuia idara kutoa habari za faili lako bila idhini yako ya maandishi, hata kwa mbunge. Zamani ilikuwa lazima uichapishe na kuisaini kwa kalamu. Sheria ya 2019 ikafungua njia ya kuisaini mtandaoni. Mimi niliijaza kwenye simu nikiwa bado na sare ya kazini. Wanataka jina kama lilivyo kwenye hati zako, tarehe ya kuzaliwa, ile namba yako ya uhamiaji inayoanza na A, na namba ya risiti yenye herufi tatu na tarakimu kumi. Kosea tarakimu moja, na ombi litakwenda kwenye faili la mtu mwingine.

Nilifanya makosa mawili. La kwanza, niliandika kurasa tatu za uchungu. Mhudumu wa ofisi ya mbunge aliyepewa kesi yangu alinipigia siku ya tatu, akanisikiliza kwa upole hadi mwisho, kisha akaniomba niandike upya mambo manne tu: nimeomba lini, nimefanyiwa usaili lini, nimefuatilia tarehe zipi, na ninataka nini. Nilipoona ukurasa wangu mpya nilielewa. Zile kurasa tatu zilikuwa za kweli kila neno, lakini afisa mwenye rundo la mafaili asingeiona tarehe ya usaili humo ndani. La pili, nilikuwa nimemwandikia na seneta siku ileile, nikidhani wawili wana nguvu kuliko mmoja. Mhudumu akanieleza kwamba maombi mawili juu ya faili moja yanazaa majibu mawili na mkanganyiko. Nikaliondoa lile la seneta, ambalo kwa kweli lilikuwa halijajibiwa zaidi ya ule ujumbe wa mashine.

Aliniambia pia asichoweza, na hapo ndipo nilipomwamini. Hawezi kuiamuru idara ikubali ombi. Hawezi kunirusha mbele ya foleni bila sababu. Hatoi ushauri wa kisheria, haingilii jambo lililoko mahakamani, na mambo ya serikali ya jimbo, kama leseni ya udereva, si yake. Anachoweza ni kuuliza, kupitia kitengo cha idara kilichowekwa mahsusi kwa maswali ya wabunge, na kudai jibu lenye maelezo. Yule wa dola 800 aliniahidi vyote ambavyo huyu alisema haviwezekani.

Jibu lilifika mwezi mmoja baadaye. Faili langu la zamani, la karatasi, lilikuwa limehifadhiwa jengo jingine katika jimbo jingine, na bila hilo faili afisa hawezi kufunga kesi. Hakuna aliyekuwa ananishuku kwa lolote. Nililia kwenye maegesho ya magari, maana kwa miezi kumi na moja nilikuwa nikijiuliza nimekosea wapi, ni safari gani niliyosahau kuiandika, ni jina gani nililolitaja vibaya. Faili lilihamishwa Machi 2024. Aprili nikapata barua ya kiapo, na Mei nikanyoosha mkono wa kulia pamoja na mamia ya watu kwenye ukumbi mkubwa, nimevaa gauni la kitenge alichonitumia mama.

Kasoro zipo. Simu zao zinapokelewa saa za kazi za mchana, na anayefanya zamu ya usiku inabidi akatishe usingizi. Hapo katikati zilipita wiki mbili bila neno, nikaandika mwenyewe kuuliza, ndipo nikajibiwa. Kwenye tovuti sikuona neno la Kiswahili. Kama Kiingereza kinakusumbua, nenda na mtu unayemwamini, na umweleze mhudumu mapema. Na kama faili lako bado limo ndani ya muda wa kawaida wa idara, utaambiwa usubiri, kwa hiyo angalia muda huo kwanza. Kwa hayo nawapa nyota nne na nusu kati ya tano, na ningerudi kwao kesho.

Mbunge mwenyewe sijawahi kumwona. Baada ya kiapo mhudumu aliandika kwamba anafunga kesi, akanipongeza, nami nikamtumia kadi ya shukrani kwa posta. Juni nikatuma ombi la mama. Namba ya risiti nimeiandika kwenye daftari lilelile, ukurasa unaofuata, na juu yake tarehe.