Libby garini, karatasi nyumbani: tathmini ya dereva

Programu ya Libby, ya kuazima vitabu vya maktaba kwenye simu, naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya Kiswahili, nitaeleza huko mbele.

Naandika kama dereva. Napeleka vifaa vya hospitali kutoka Columbus hadi Cleveland, huku jimbo la Ohio, Marekani, kilomita 230 hivi kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Barabara ni I-71, imenyooka, na sehemu kubwa ni mashamba ya mahindi na soya kulia na kushoto. Mtu wa kazi hii asipokuwa na kitu masikioni, usingizi unamnyemelea. Muziki nimeuchoka, na mabishano ya redioni ya huku sina hamu nayo. Kilichobaki ni vitabu.

Kwa asiyeijua, Libby ni ya kampuni ya OverDrive, ambayo ni ya hapa hapa Ohio, na ilitoka mwaka 2017. Ukiwa na kadi ya maktaba ya umma iliyojiunga nayo, unaazima kwenye simu vitabu vya kusoma na vya kusikiliza, bila kulipa hata senti. Muda wa mkopo ukiisha, mara nyingi siku 14 au 21, kitabu kinajirudisha chenyewe. Hakuna faini, hakuna kukimbizana na mtu. Ukikiazima tena siku nyingine, kinaanzia pale pale ulipoishia.

Watu wanaudhika na foleni. Wanauliza, kitu cha kwenye simu kinaishaje mpaka nisubiri zamu? Jibu ni kwamba maktaba inalipia leseni, na kwa vitabu vingi leseni moja hutumiwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, sawa na nakala ya rafuni. Kitabu kinachovuma unaweza kukingoja wiki kadhaa. Mimi foleni hainisumbui, maana zamu ikinifikia huku bado niko katikati ya kitabu kingine, naahirisha, aliye nyuma yangu anapita, na nafasi yangu haipotei.

Spidi ya usomaji inaanzia 0.6 hadi mara 3. Vitabu vya afya na biashara naviweka 1.25. Riwaya haiguswi, ni 1.0 basi. Msomaji mzuri wa kitabu cha kusikiliza anavuta pumzi makusudi kabla ya neno zito, na ukimharakisha umeitupa ile pumzi pamoja na kazi yake yote.

Riwaya iliyonifanya niandike haya ni Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 2020. Mwanzo wake kwa masikio ni mgumu, nisifiche. Kuna Khalifa karani, kuna mfanyabiashara Amur Biashara, kuna Nassor, kuna mikopo na nyumba na nani anamdai nani, na yote hayo yanakujia kwa mfululizo huku lori linataka kukupita kushoto. Kwenye karatasi ningefunua kurasa mbili nyuma nikamaliza. Garini nina kitufe kimoja cha kurudi nyuma sekunde 15, na mikono yangu ina kazi ya usukani. Lakini hadithi ilipofika kwa Hamza, kijana anayeingia kwenye jeshi la Wajerumani, mambo yaligeuka. Uwanja wa mazoezi, amri zinazofokwa, woga wa kijana anayetafuta pa kujificha ndani ya sare: kwa sauti ya mtu vilinigusa kuliko ambavyo macho yangu yangevichukua. Nilifika karibu na Mansfield nimezima kiyoyozi, jasho linanitoka, ili nisikose neno.

Baadaye dada yangu akampa msafiri kutoka Dar aniletee kitabu cha Peponi. Hii ni tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Gurnah iitwayo Paradise, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Niliisoma Jumapili, penseli mkononi, na hapo ndipo nilipoelewa ninachokipenda. Kitabu cha Kiingereza napenda nisomewe. Si lugha niliyolelewa nayo, na sauti ya msomaji hodari inanibeba, inanionyesha mkazo uko wapi na utani uko wapi. Kitabu cha Kiswahili nataka nikisome mwenyewe. Yusuf anapopandishwa treni na Ami Aziz, yule mtoto anaongea kwa sauti ya watoto wa mtaa wetu Tanga, na wazee dukani wanaongea kama wazee niliowaamkia shikamoo kila asubuhi. Sihitaji mtu akae katikati yetu. Kurasa nyingine nilimsomea mke wangu kwa sauti akiwa jikoni anakaanga samaki, naye akanirudisha nyuma mara mbili: "Hebu rudia hapo, baba Nasra."

Sasa tusije tukasema Kiswahili si cha kusikiliza. Sisi tuliokua na Redio Tanzania tulilelewa na kipindi cha Mama na Mwana, tukikaa kimya kabisa kumngoja Deborah Mwenda atutambie hadithi. Sikio tunalo, na lilifunzwa mapema. Kinachokosekana ni vitabu. Kwenye orodha ya maktaba yangu, nikitafuta Kiswahili upande wa kusikiliza napata masomo ya kuwafundisha wageni kusalimiana na kuagiza chakula. Wachapishaji wetu wakimwingiza studio mwigizaji mmoja mzuri wa Zanzibar au Mombasa na riwaya moja nzuri, mimi nitanunua siku hiyo hiyo, na madereva wenzangu nitawashawishi mmoja mmoja. Nyota ya tano inangoja hapo.

Historia yenye miaka na ramani, au kitabu chochote cha hesabu, usikijaribu garini. Hicho ni cha mezani.

Kwa mgeni aliyehamia huku: kadi ya maktaba kwa kawaida wanataka kitambulisho na kitu kinachothibitisha anuani yako, na maktaba nyingi unaanza kuomba mtandaoni. Ukishaipata, pakua kitabu kizima kwa intaneti ya nyumbani usiku kabla ya safari, na uchague kabisa cha pili, kwa sababu cha kwanza kikiisha katikati ya njia si wakati wa kushika simu.